Mgeni wa biashara anakuja kutoka nje: mwongozo kamili wa kumpokea na kuelewana naye

Miaka kadhaa nyuma tulikuwa na mnunuzi wa ufuta kutoka Ujerumani. Jioni pale hotelini akamwambia dereva wetu "tomorrow, seven", dereva akajibu "yes, seven, no problem", kila mtu akaenda kulala na amani yake. Asubuhi saa moja kamili mgeni kasimama mlangoni na begi, ndege ya Mtwara inaondoka saa tatu, dereva yuko kwake Mbagala anakunywa chai, maana yeye alichosikia ni saba, na saba ni saa saba mchana, kuna nyingine? Mpaka simu zinapigwa ni saa mbili kasoro na foleni ya Barabara ya Kilwa unaijua mwenyewe. Ndege ikaondoka. Mgeni hata hakugomba, alifungua laptopu, akaandika kitu, akasema "it's okay". Bora angegomba.

Toka siku ile nimeacha kuamini kwamba shida yetu ni Kiingereza. Kiingereza cha dereva kilikuwa safi kabisa, maneno manne na yote sahihi. Na ukarimu hatuna upungufu, mgeni akifika hapa analishwa, anabebewa begi, anaulizwa habari za nyumbani mpaka anachoka. Tunapokwama ni kwenye vitu vidogo ambavyo kila upande unaona viko wazi: saa, namba, na neno "ndiyo". Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye hivyo vitatu, mengine ntayapitia haraka. Naandika kwa ajili ya sie wa kampuni ndogo hapa Tanzania, ambao afisa uhusiano, mkalimani na mpika chai ni mtu mmoja.

HATUA YA 1: Kabla hajakata tiketi

Muulize anakuja kufanya nini hasa, mana viza inategemea hapo. Kuna wenyeji wanawaambia wageni wao "we chukua tu ya utalii dola 50, ukifika tutajuana". Usifanye hivyo. Mtu anayekuja kwa mikutano, kukagua mzigo, kusaini mkataba, anatakiwa achukue viza ya biashara, ambayo ni dola 250, na anaomba mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa Uhamiaji. Ni hela nyingi ndiyo, ila mgeni akisimamishwa dirishani akajikanyaga kujieleza, aibu ni yako. Hakikisha viwango kwenye tovuti yao wiki hiyo hiyo unayoandika barua. Na barua ya mwaliko iwe na jina lake lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, tarehe za kuja na kuondoka, na namba ya simu ambayo kweli inapokelewa.

Halafu mtumie karatasi moja, moja tu, yenye mambo haya: plagi zetu ni za pini tatu kama za Uingereza, umeme ni volti 230. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo asijaze vitu kwenye mifuko ya dukani akaja navyo. Kama anatokea au amepitia nchi yenye homa ya manjano aje na kadi ya chanjo. Toka 2025 malipo ya humu ndani yanatakiwa yafanyike kwa shilingi, kwa hiyo asije na dola akitegemea kuzichomoa kila duka. Na asipige picha bandarini, Ikulu wala maeneo ya jeshi hata kama mandhari imemvutia vipi.

Kwenye imeli hiyo hiyo uliza na maswali ya mwili wake: chakula gani hali, anahitaji muda wa ibada, anapenda aitweje. Usiandike "are you a Muslim?" kama askari wa geti. Andika "Is there any food you do not eat? Do you need time for prayer? How should we call you?" Fupi na ya heshima, na watu wanajibu vizuri tu.

Kalenda nayo. Kama anakuja kwa ajili ya Sabasaba, maonyesho yanaanza tarehe 28 Juni pale viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, na hoteli hujaa, so weka nafasi mapema. Tarehe 7 Julai usimpangie mkutano wa serikali, ni sikukuu (siku hizi ni Siku ya Kiswahili Duniani pia, mgeni ukimwambia hivyo anafurahi sana). Ramadhani usimpeleke Zanzibar mchana ukitegemea kumlisha barazani. Na angalia wikendi ya kwao: Oman na Saudia wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, Imarati walihamia Jumamosi na Jumapili toka Januari 2022. Mimi niliwahi kumpigia mtu wa Muscat Ijumaa mchana mara nne mfululizo nikidhani ananikwepa.

HATUA YA 2: Saa, tarehe na namba

Saa. Sisi siku inaanza jua likichomoza, wao inaanza usiku wa manane, tofauti ni saa sita, kila mtoto anajua. Ila ukichoka na ukiwa unaongea lugha mbili kwa wakati mmoja, kichwa kinateleza. Dawa yake haitaki akili: saa haitajwi kwa mdomo peke yake. Unaandika kwenye simu kwa mfumo wa 24, 07:00, unamuonyesha mgeni, halafu unamtumia dereva ujumbe kwa Kiswahili, "kesho saa moja asubuhi (07:00) mlangoni hotelini". Zote mbili pamoja. Dereva akijibu "poa" haijatosha, aandike saa yenyewe arudishe. Kwanza wataona unawasumbua, baadaye wanazoea.

Na epuka "sasa hivi", "baadaye kidogo", "jioni jioni". Mtu wa Tokyo ukimwambia dakika tano ataangalia saa yake. Kama foleni imekamata Tazara, mwambie "dakika 40" na ufike kwa 35, atakuona mtu wa maana kuliko uliyeahidi kumi ukafika kwa thelathini.

Tarehe. Mmarekani akiandika 05/06 anamaanisha tarehe 6 Mei, wewe unasoma 5 Juni. Andika mwezi kwa herufi, kwisha.

Namba ndo yenye hela, tulia hapa. Mjerumani na Mfaransa wanatenganisha maelfu kwa nukta au nafasi, na desimali kwa mkato, kwa hiyo 12.500 kwake ni elfu kumi na mbili na mia tano, kwako ni kumi na mbili na nusu. Hii kwenye profoma (ankara ya awali) ni kontena zima. Mhindi anaweka mikato kivyake, 1,00,000, na hiyo anaiita lakh, ambayo ni laki yetu hii hii, neno lilitoka huko, kwa hiyo na Mhindi unaweza kuongea laki laki mkaelewana bila shida. Mchina yeye hahesabu kwa laki wala milioni, anahesabu kwa wan, yaani elfu kumi kumi, laki mbili kwake ni "wan ishirini", sasa akiwa anaitafsiri haraka kwenda Kiingereza sifuri moja inadondoka au inaongezeka, na hafanyi makusudi. Kariakoo wameshapata dawa zamani: kikokotoo. Unabonyeza, unamgeuzia, anabonyeza, anakugeuzia. Usione ushamba kufanya hivyo kwenye meza ya mkutano. Mimi kila bei inayotamkwa inaandikwa ubaoni na kipimo chake, kilo au tani au gunia, dola au shilingi, na kama usafiri umo au haumo.

Vidole pia. Mchina anaonyesha sita mpaka kumi kwa mkono mmoja, nane yake ni kidole gumba na cha shahada kama bastola. Mjerumani anaanzia kidole gumba, gumba na shahada kwake ni mbili. Usikisie, uliza.

HATUA YA 3: "Ndiyo" yetu na Kiingereza chetu

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Kwa Kiswahili mtu akikuuliza "hamjapata cheti cha maabara?" na kweli hamjapata, unajibu "ndiyo", maana yake ndiyo, hatujapata. Sasa chukua hiyo uipeleke kwenye Kiingereza: "So you don't have the certificate?" nawe unajibu "Yes". Mwingereza hapo anabaki anakuangalia, mnacho au hamnacho? Wengine watasikia mnacho, wataandika mnacho, na miezi miwili baadaye unaambiwa ulidanganya. Na mkiwa na Mchina au Mjapani inakuwa kali zaidi maana lugha zao zinajibu kama yetu, ila yeye amefundishwa shuleni kwamba Kiingereza kinajibu kinyume, kwa hiyo nyote wawili mnajaribu kuwa Waingereza na hamjui nani amegeuza na nani hajageuza. Kanuni ya ofisini kwetu: hakuna kujibu yes au no tupu. Unajibu sentensi. "We have it." "We don't have it yet." Hata kama unaonekana mtoto wa darasa la tatu.

Pili, "ndiyo" ya heshima. Sisi kumwambia mgeni hapana usoni ni kumvunja, kwa hiyo tunasema tutaangalia, tutajitahidi, inshallah, haina shida. Mswahili mwenzako akisikia "tutaangalia" anajua jibu. Mjerumani akisikia "we will try" anaandika kwamba mtafanya. Mpe jibu la pande mbili: tunachoweza na tusichoweza. "Tani 20 mwezi wa sita tunaweza, 40 hatuwezi mpaka mwezi wa nane." Haivunji mtu, inampa kitu cha kwenda kumwambia bosi wake.

Halafu kuna vile visentensi ambavyo tunavitoa Kiswahili tunavimwaga kwenye Kiingereza. Mgeni akijikwaa tunasema "sorry", tunamaanisha pole, naye anajibu "it's not your fault" na wewe unashangaa nani kasema ni kosa lako. Sema "are you okay?" au mfundishe neno pole lenyewe, wageni wanalipenda. Mtu anatoka chumbani anasema "I'm coming", yaani nakuja sasa hivi, mgeni anaona mtu anaondoka huku anasema anakuja; sema "I'll be right back". "You are lost!" kwa mtu ambaye hamjaonana muda mrefu, yeye anaangalia kama kweli kapotea njia. "You have become fat", tafadhali, hapana, hata kama kwenu ni sifa. Mtu anakula anamwambia mgeni "welcome!" na mgeni hajui ameambiwa akae ale au vipi. Na "give me your passport": kwetu adabu imo ndani ya "naomba", ukiitoa naomba ukaweka give me inabaki amri ya polisi. "Could I have your passport, please?" Mkariri hii timu nzima, mlinzi, mapokezi, dereva.

Majina ya heshima. Mama wa Kizungu wa miaka 40 ukimuita "Mama" anaweza kujiuliza umemuona mzee kiasi gani, na "Mzee" hivyo hivyo. Muelezee kwamba ni heshima, halafu muache achague. Kumuita mtu "mzungu wetu" au "Mchina wako kafika" mbele yake, acheni. Hayo mawili wanayaelewa hata kabla ya "asante".

HATUA YA 4: Maneno machache ya lugha yake

Huhitaji kozi ya mwaka ili kumpokea mtu. Karibu, habari, asante, samahani, na afya au maisha marefu wakati wa kula, hayo matano kwa lugha yake yanatosha kabisa kufungua uso wa mtu. Ukitaka kwenda mbele, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma kuna Taasisi za Confucius toka 2013, Dar kuna Goethe-Institut na Alliance Française. Ila kwa mgeni wa wiki ijayo, muombe mwenyewe kwenye simu akutumie sauti anavyotamka jina lake. Jina lake likitoka sawa mdomoni mwako umeshashinda nusu.

Kijapani ni rahisi kwetu kuliko watu wanavyodhani, irabu zake ni a, e, i, o, u kama zetu, "arigato gozaimasu" (asante sana) Mswahili anaitamka vizuri kuliko Mwingereza. Kichina kina toni, usijidanganye, lakini "ni hao" (habari) na "shie shie" (asante) zinapita. Bosi unamuita kwa jina la ukoo na neno zong, kwa mfano "Wang zong", na kumbuka kwao jina la ukoo linatangulia. Mturuki ukimwambia "hosh geldiniz" (karibu) yeye anajibu "hosh bulduk", na mna maneno mengi ya pamoja kupitia Kiarabu: saat, kitap, haber, hesap, vakit. Mhindi wa Gujarat ukimtupia "kem cho" (hujambo) atacheka, mana hakutegemea. Mwarabu akikwambia "marhaba" amekukaribisha, usidhani anaitikia shikamoo ambayo hukumpa!

Sasa naomba radhi kwa wazee ila lazima niseme. Japani kuna mji unaitwa Kumamoto na kuna watu ukoo wao ni Kumagai, na kwa Kituruki rangi ya buluu inaitwa mavi, kuna hadi jinzi za jina hilo. Waite watu wa mapokezi siku moja kabla, wasomee majina yote ya wageni kwa sauti, wacheke mpaka waishe. Kesho yake hakuna anayecheka. Hii si utani, nilishaona kikao kinaanza na dada wa mapokezi amekimbilia chooni.

HATUA YA 5: Nchi kwa nchi, kwa kifupi na bila kukaririana

Watu wanatofautiana, Mchina wa miaka 28 aliyesoma London si sawa na mzee mwenye kiwanda Shandong. Chukua haya kama pa kuanzia.

Mchina: maji ya moto. Weka chupa ya chai yenye maji ya moto mezani, acha barafu, utaona uso unavyobadilika. Kadi ya biashara mpe kwa mikono miwili. Saa ya ukutani usimpe zawadi, kwa Kichina kutoa saa kunasikika kama kumzika mtu, na namba nne inasikika kama kifo, chumba cha ghorofa ya nne mbadilishie ukiweza. Mawasiliano ni WeChat, iweke kwenye simu mapema.

Mjapani: kadi ikipokelewa inasomwa, inawekwa mezani mbele yako, haiingii mfuko wa nyuma wa suruali ukaikalia. Akisema "hai, hai" (ndiyo, ndiyo) huku anatikisa kichwa mara nyingi anamaanisha nakusikia, hajakubali. Akisema "ni ngumu kidogo", hiyo ni hapana, ni "tutaangalia" ya kwao, hapo sisi na wao tunaelewana bila mkalimani. Na kimya chake usikiogope. Nimeona mtu wetu anataja bei, Mjapani kanyamaza nusu dakika anafikiria, mtu wetu kaingiwa na baridi akashusha bei mwenyewe bila kuombwa, kisha akashusha tena. Nyamaza na wewe. Kunywa maji.

Mhindi: kichwa kikiyumba kulia kushoto mara nyingi ni sawa au nimekusikia. Wengi hawali nyama, na wa dini ya Jain hawali hata vitunguu, saumu na viazi, kwa hiyo "tumekuwekea wali na mboga" haitoshi kama mboga imekaangwa na kitunguu. Na kwenye mazao usishangae akiuliza sana habari za sera, wafanyabiashara wa mbaazi hapa wanakumbuka 2017 India ilipobana uagizaji, bei ikaanguka mikononi mwa wakulima Lindi na Mtwara.

Mturuki: huyu ana jambo linalotugusa. Akitaka kusema hapana anaweza kuinua kidevu na nyusi huku akitoa mlio mdogo wa ulimi, tsk. Sasa kwetu kuinua nyusi ni ndiyo, na ule mlio unasikika kama msonyo. Kwa hiyo kwa mpigo mmoja amekukubalia na kukutukana, na kumbe amekataa tu kiungwana. Waambie watu wako mapema. Chai usiikatae.

Mwarabu wa Oman: mkono wa kulia, kahawa na tende, ukitosheka unatikisa kikombe kidogo ndipo unarudisha. Mwanamke usimnyooshee mkono mpaka yeye aanze, weka kiganja kifuani. Ila kubwa kuliko yote, usimseme kwa Kiswahili mbele yake! Zanzibar ilishakuwa makao ya sultani wa Oman, na familia nyingi zilikwenda kule baada ya 1964 na tena baada ya Sultani Qaboos kushika nchi 1970, Kiswahili wanacho majumbani mpaka leo. Kuna mwenzetu aliwahi kuninong'oneza mezani "huyu mpandishie, hela anazo", mgeni akaweka kikombe chini akasema kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "hela ninazo, lakini sikuja kuzitupa". Tuliuza kwa bei yake siku hiyo.

Mkongo: watu wanawasahau hawa wakati bandari ya Dar inabeba mizigo mingi ya kwao na Kariakoo inawategemea. Tunajidanganya kwamba "si tunaongea Kiswahili wote". Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu kina njia zake, bibi ni mke, si nyanya yako, na yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlea watoto. Akikwambia amekuja na bibi yake usiende kutafuta kiti cha magurudumu. Nyaraka wengi wanazitaka kwa Kifaransa, na wanapenda cheo kitajwe kamili, "Monsieur le Directeur", usimuite kwa jina la kwanza siku ya kwanza.

Mjerumani nimeshamuongelea. Akikwambia "hii sampuli mbaya" hajakuchukia, ameongelea sampuli.

HATUA YA 6: Siku anayofika

Ndege nyingi za nje zinashukia jengo la tatu la abiria pale uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019. Uwe pale kabla ndege haijagusa chini, na bango lenye jina lake lililoandikwa na kompyuta, si kalamu ya boksi inayofifia. Mtumie usiku uliopita picha ya dereva na namba ya gari, kwa sababu mlangoni kuna watu kumi wanaomwambia "taxi my friend" na mmoja wao atasema ndiye wewe.

Kwenye gari muache apumue. Sisi salamu zetu ni ndefu na tunaendelea kushika mkono huku tunaongea, wengine wanaupenda, wengine unaona wanauvuta taratibu, uachie. Wanaume kushikana mikono njiani kwetu kawaida, kwa mgeni inaweza kuwa mara ya kwanza maishani. Mpe maji yaliyofungwa, mwambie safari ni dakika ngapi, mwambie ratiba ya kesho saa ngapi (umeandika 24, si ndiyo?), halafu nyamaza. Siku ya kwanza usimpangie kikao. Kama mnaenda Dodoma, toka 2024 kuna treni ya SGR, mpandishe hiyo badala ya kumkalisha barabarani kutwa, na mle ndani ndipo mtaongea mambo ambayo hamtayaongea ofisini.

HATUA YA 7: Mkalimani

Mtu anayejua Kichina cha kununua simu Kariakoo si lazima ajue kueleza stakabadhi ghalani (mfumo wa kuweka mazao ghalani na kuyauza kwa mnada). Mpe karatasi siku mbili kabla: majina, bei, na maneno ya kazi, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ni nini, mnada unaendaje, korosho ghafi na iliyobanguliwa. Kaa naye saa nzima. Kwenye kikao ongea na mgeni, muangalie yeye, usimwambie mkalimani "mwambie kwamba...". Sentensi mbili, simama. Methali na utani acha nyumbani, ukitoa methali mkalimani anatoa jasho na mgeni anasubiri kicheko kisichokuja. Na mlipe vizuri, jamani, anabeba mzigo wenu wote kichwani.

Programu ya simu ya kutafsiri ni nzuri hotelini na sokoni. Kwenye mkataba hapana.

HATUA YA 8: Chakula na zawadi

Chakula pitia kwa haraka: usimlazimishe. "Ongeza, hujala kitu" kwetu ni upendo, kwa mwingine ni mateso. Muonyeshe namna ya kunawa na kula ugali kwa mkono wa kulia, ila uma uwe karibu bila maneno. Kama kuna Mwislamu mezani hakikisha nyama ni halali kabla hajauliza.

Zawadi iwe ndogo, kwa sababu kampuni nyingi za Ulaya na Marekani zina sheria kali za rushwa na ukimpa kitu cha bei mbaya unamtia matatani. Kahawa ya Kagera au Kilimanjaro, viungo vya Pemba na Unguja, kitenge. Magamba ya kobe, makombe ya baharini, ngozi na meno ya wanyama usiguse kabisa, atakamatwa nayo. Ukimpa kanga, SOMA MANENO YAKE KWANZA. Kuna mtu alimpa mke wa mnunuzi wake kanga nzuri kwa rangi tu, kumbe imeandikwa fumbo la mke mwenza, na mama wa watu akaivaa kwenye chakula cha jioni mbele ya meza nzima ya Waswahili.

HATUA YA 9: Akishaondoka

Ndani ya saa 24 imeli moja. Andika mlichokubaliana, kila namba na kipimo chake, nani anafanya nini na tarehe gani, mwezi kwa herufi. Chini yake andika na ambacho HAMKUKUBALIANA, hii wengi wanaikwepa kwa aibu, ila ndiyo inayozuia ugomvi wa miezi mitatu baadaye. Muombe ajibu kwa kuandika "confirmed" au arekebishe. Asipojibu siku tatu mkumbushe mara moja kwa imeli, kisha WhatsApp au WeChat, kwa upole. Picha mlizopiga mtumie siku tofauti na hiyo imeli, zikikaa pamoja ataangalia picha na namba hatazisoma.